Unyevu kwenye kuta za nyumba za zamani Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika yakishika, simu yangu hujaa picha za kuta. Doa la kahawia, rangi iliyovimba kama andazi, unga mweupe umemwagika sakafuni. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa mafungu.

Ninazungumzia nyumba za zamani za Moshi mjini na za vijiji vya mlimani: kuta nene za mawe au tofali za kuchoma, zilizojengewa kwa udongo au chokaa, msingi usio na nailoni. Mwenye nyumba mpya ya bloku atapata cha kumfaa kwenye fungu la kwanza, lakini majibu ya lipu na chokaa asiyachukue kama yalivyo.

## Kuutambua unyevu

Ukuta una doa. Nianze na nini?

Anza na penseli, fundi baadaye. Zungushia doa mstari, andika tarehe, kisha acha. Rudia baada ya wiki mbili, na rudia tena baada ya mvua kubwa. Doa linalokua siku ya mvua na kunywea kukikauka linatoka nje: bati, gata, ufa wa ukuta, kingo za dirisha. Doa lisilojali mvua wala jua huenda ni bomba. Lililo chini kabisa ya ukuta na kukaa mwaka mzima linatoka ardhini, na linalokuja na baridi ni jasho la chumba.

Bomba ni rahisi kulijua. Funga koki zote usiku, soma mita, soma tena alfajiri kabla mtu hajachota maji. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali yanavuja.

Ninasisitiza hili kwa sababu wengi hunipigia wakiwa tayari wamenunua ndoo ya rangi. Wanauliza wapake nini kabla ya kujua maji yanatoka wapi.

Nitajuaje kama maji yanapanda kutoka ardhini?

Tazama umbo la doa. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vitundu vidogo vya tofali na udongo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Huacha mkanda unaofuata ukuta kwa urefu wake, kwa kawaida usiozidi mita moja kutoka sakafuni, na juu yake kuna mstari uliopinda wenye rangi ya chai. Ukikuta doa kwenye usawa wa dari, hilo haliwezi kuwa maji ya ardhini, hata fundi aape.

Angalia pia ukuta wa katikati ya nyumba, ule usiopigwa na mvua. Ukiwa nao una mkanda huo huo, mashaka yanapungua. Maeneo ya chini ya mji yenye chemchemi, kama Njoro, hupata hali hii zaidi kwa kuwa maji hayako mbali na msingi.

Ule unga mweupe ni fangasi?

Hapana, ni chumvi. Maji yanapopita ardhini na ndani ya tofali huyeyusha chumvi, huzibeba hadi usoni mwa ukuta, kisha maji huruka na chumvi hubaki. Uguse kwa ncha ya kidole chenye maji: chumvi huyeyuka, fangasi haiyeyuki.

Unga huo ukitokea juu ya lipu hauna shida kubwa, unaufagia tu. Shida ni chumvi inapoganda nyuma ya lipu au nyuma ya rangi. Ikiganda huvimba, na ikivimba husukuma. Ndiyo maana rangi humenyuka na lipu hulia kama debe ukiigonga. Usiuoshe ukuta kwa maji mengi, maana unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Fagia kwa brashi kavu, zoa, tupa mbali na nyumba.

Julai hakuna mvua, mbona ukuta wa chumbani unalowa?

Huo ni ukuta unaotoa jasho. Moshi ya Juni hadi Agosti tunaijua: wingu linashuka, mlima hauonekani siku kadhaa, na ukuta mnene wa mawe unakuwa baridi kama mtungi. Ndani mmelala wanne, madirisha yamefungwa, maharage yanachemka jikoni mlango ukiwa wazi, nguo zimeanikwa sebuleni kwa sababu nje hazikauki. Mvuke wote huo hutafuta pa kutua, na hutua penye baridi: kona za nje, nyuma ya kabati, chini ya dirisha.

Kipo kipimo cha bei rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, kama nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa selotepu, subiri siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni jasho. Yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa pande zote mbili, basi pole, una kazi mbili.

Fundi amekuja na kifaa chenye sindano mbili, kinasema ukuta umelowa chepechepe. Nikiamini?

Kiamini nusu. Vifaa hivyo hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme. Ukuta mkavu wenye chumvi nyingi utasomeka kama umelowa. Kinafaa kulinganisha sehemu moja na nyingine ya ukuta ule ule, wala si kutoa hukumu ya kukuuzia dawa.

## Kwa nini nyumba hizi hasa

Nyumba ya babu ilikaa miaka mingi bila neno. Tumeikarabati, ndipo unyevu umeanza. Tumerogwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolipenda. Hamkurogwa. Mlimvalisha mzee koti la mvua akiwa amelowa jasho.

Mafundi wa zamani hawakuwa na njia ya kuzuia maji yasiingie ukutani, kwa hiyo walijenga ukuta unaoyaachia yatoke. Nyumba nyingi za mjini za enzi za reli, ile ya kutoka Tanga iliyofika hapa mwaka 1911, na zilizofuata baadaye, zilipigwa lipu ya chokaa na kupakwa chokaa. Unyevu uliingia, ukapita, ukaruka na upepo. Ukuta ulikuwa na unyevu kidogo siku zote na hakuna aliyejua.

Kisha tunakuja sisi. Tunapiga lipu ya saruji nje kwa kuwa ni ngumu na inang'aa. Ndani tunapaka rangi ya mafuta hadi kiunoni ili watoto wasichafue. Sakafu ya zamani tunaifunika kwa tailizi, na nje tunamwaga zege kuzunguka nyumba hadi ukutani. Maji ya ardhini yaliyokuwa yakitoka kupitia sakafu na ua sasa yana njia moja tu, ukuta, na ukuta wenyewe tumeuziba mita ya kwanza. Yanapanda hadi yapate pa kutokea, juu ya saruji. Ndiyo maana watu hushangaa doa limehamia usawa wa kifua baada ya kulipiga lipu upya.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili nyumbani kwa shangazi yangu, miaka ile najifunza kazi. Niliunyoosha ukuta wake wa sebule kwa saruji hadi ukawa kama kioo. Msimu wa pili ulidondoka wote kwa mpigo, ukashuka na saa ya ukutani. Shangazi hakusema kitu, alinionyesha ufagio tu.

Barabara ya mtaa wetu imewekwa lami na sasa nyumba iko chini yake. Ina uhusiano?

Sana. Barabara ikiinuliwa kila matengenezo, na ua ukijazwa kifusi kila harusi, sakafu iliyokuwa ngazi mbili juu ya ardhi inajikuta sawa na ardhi au chini yake. Udongo ukilalia ukuta juu ya usawa wa sakafu, unyevu hauna haja ya kupanda. Unaingia moja kwa moja kwa ubavuni. Toka nje na futi ya fundi. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa walau sentimita 15. Nyumba nyingi za zamani nilizozipima hazifikii hapo, na wenyewe hawakuwahi kujua.

Nyumba haina dipisii, ile nailoni ya msingi inayozuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Si ndiyo sababu?

Ni sababu moja, na mara nyingi si kubwa kama inavyosemwa. Nyumba yako haikuwa na dipisii tangu ilipojengwa, na ilikuwa kavu. Uliza kilichobadilika tangu hapo.

## Kutengeneza

Hela ni kidogo. Nitumie wapi kwanza?

Nje, na juu kwenda chini. Sijawahi kujuta kwa kuanza na gata. Paa la bati la nyumba ya kawaida hukusanya maji mengi mno kwa mvua moja ya Aprili, na yakidondoka bila gata yanachimba mfereji mguuni mwa ukuta na kurusha tope hadi dirishani. Weka gata, weka bomba la kushusha, na uhakikishe maji hayaishii pale pale kwenye kona. Ukiyapeleka kwenye simtanki umejifaidi mara mbili, ila bomba la kufurikia nalo lielekee mbali na msingi.

Baada ya hapo shika jembe. Ondoa udongo, kuni, matofali ya akiba na bustani iliyoegemea ukuta. Shusha ardhi hadi kipimo nilichotaja kwenye swali la barabara, na uipe mteremko wa kutoka kwenye nyumba. Kama zege limezunguka ukuta, vunja ukanda wa sentimita 30 hivi kando ya ukuta, ujaze kokoto. Kazi hiyo haihitaji fundi mkubwa. Vijana wawili na siku tatu zinatosha kwa nyumba ya vyumba vinne.

Ukimaliza hayo, kaa. Subiri msimu mmoja wa mvua kabla ya kugusa ndani. Wateja huchukia ushauri huu kwa sababu wageni wa Krismasi wanakuja na ukuta ni mbaya. Tundika khanga.

Lipu mpya ipigwe kwa nini?

Kwa ukuta wa mawe au tofali uliojengewa kwa udongo au chokaa: chokaa na mchanga, sehemu moja kwa tatu. Bandua saruji yote iliyolegea, ukipanda sentimita 30 juu ya doa la mwisho, kwa tindo ndogo na polepole ili usiing'oe tofali. Kwangua viungo, fagia chumvi, lowesha kidogo, kisha piga tabaka nyembamba mbili au tatu badala ya moja nene. Kila tabaka lipate siku kadhaa na lisikaushwe na jua kali. Gunia lenye unyevunyevu linasaidia.

Mchanga uwe wa mto, uliooshwa, usio na vumbi wala chumvi. Chokaa ipatikane mbichi dukani. Mfuko uliokaa wazi umeshakufa, ukiuvunja unatoka mabonge. Na chokaa inaunguza: vaa glavu na miwani, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi mara moja, uende hospitali.

Fundi atakuambia chokaa ni dhaifu. Ni kweli ni laini kuliko saruji, na ndicho tunachokitaka. Lipu ikiwa laini kuliko ukuta, chumvi hula lipu. Ikiwa ngumu kuliko ukuta, chumvi hula ukuta.

Nikichanganya saruji kidogo tu ili ishike haraka?

Kila fundi ana "kidogo tu" yake. Ukianza na kijiko utaishia na koleo. Kwa ukuta wa zamani uliolowa, sikushauri.

Ukuta utachukua muda gani kukauka?

Kanuni ya mafundi wa kazi hizi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa sentimita 45 basi unaweza kuchukua mwaka mzima na zaidi, baada ya chanzo kuzibwa. Mlimani, kwenye ukungu wa Kibosho au Machame, tarajia zaidi kuliko Moshi mjini. Hakuna njia ya mkato yenye maana. Fungua madirisha, sogeza makabati, vumilia.

Rangi ya kuzuia maji haisaidii?

Ndani, juu ya ukuta uliolowa, hapana. Inafungia maji nyuma yake, na baada ya miezi inavimba mapovu. Vivyo hivyo rangi ya mafuta, puti iliyonyooshwa vizuri, tailizi za ukutani, mbao na jipsamu: zote huficha, na jipsamu hata huyanywa maji. Sababu ni zile za swali la nyumba ya babu. Paka chokaa ya maji au rangi nyepesi inayoruhusu ukuta kupumua. Chokaa itakuchafua nguo ukiiegemea, sikatai.

Naambiwa ukuta utobolewe upigwe dawa ya kuzuia maji yasipande, au ukatwe uwekwe nailoni. Nikubali?

Dawa ya kutoboa hufanya kazi vizuri zaidi kwenye tofali zenye mistari ya viungo iliyonyooka. Kwenye ukuta wa mawe uliojazwa kifusi cha udongo katikati, dawa hupotelea kwenye mashimo usiyoyaona. Kukata ukuta wa mawe ya mlima ni kuomba nyufa. Ningeyaweka haya mwisho kabisa, baada ya gata, ardhi na lipu kushindwa, na hela ningeilipa kwa awamu.

## Afya na usalama

Ukungu mweusi unadhuru?

Unadhuru, hasa watoto, wazee na wenye pumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na ujumbe wake ni wa kawaida: hali hizo huendana na kikohozi, kifua kubana na pumu, na tiba ni kuondoa unyevu wenyewe.

Doa dogo lisafishe kwa maji na sabuni, ukiwa na barakoa na dirisha wazi, kisha kausha. Jiki huondoa weusi lakini haigusi chanzo, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya chooni. Kama godoro limeshaota ukungu, usilirudishe chumbani kwa huruma.

Chumba kinachotoa jasho kinahitaji hewa zaidi kuliko dawa. Zibua matundu ya hewa juu ya madirisha. Wengi wameyaziba kwa magazeti kuzuia mbu. Weka wavu badala yake. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta wa nje.

Naweza kuwasha jiko la mkaa chumbani ili ukuta ukauke?

Hapana. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa kinaua watu waliolala. Hata usingekuua, ungeunguza mkaa bure.

Soketi iko kwenye sehemu iliyolowa.

Zima swichi kubwa, usiiguse, ita fundi umeme aliyesajiliwa. Ukihisi ukuta unakupiga ganzi, hamisha watoto kwanza na maelezo yafuate.

Rangi ya zamani naikwangua vipi?

Ukiwa umeilowesha, siyo kwa msasa mkavu. Rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni baya kwa watoto. Zoa mabaki yote, yasibaki uani kuku wanapodonoa.

## Visa vya pekee

Nyumba yetu ya kijijini imechimbiwa kwenye mteremko. Ukuta wa nyuma umegusana na mlima.

Ukuta huo ni kingo ya udongo, na hakuna lipu ya ndani itakayoushinda. Njia nzuri ni kuchimba nafasi ya kupita hewa kati ya mlima na ukuta, ukijenga kingo nyingine upande wa mlima, na mtaro chini yake. Chimba vipande vipande, siyo urefu wote kwa siku moja: udongo huo huenda ndio unaoshikilia ukuta. Hapa mlipe mhandisi aje aone.

Mfereji wa shamba unapita nyuma ya nyumba.

Mifereji ya Wachagga ilikuwepo kabla ya nyumba nyingi, na ina wenyewe na zamu zake. Usiuhamishe usiku. Angalia kama doa hukua siku za zamu yako au ya jirani. Likikua, zungumza na wazee wa mfereji juu ya kuujengea kipande kinachopita karibu nawe. Kwa kawaida wanakubali ukigharamia saruji. Hapo, kwa mara moja, saruji ni rafiki.

Unyevu uko chumbani, lakini nyuma ya ukuta ni bafu.

Basi tatizo ni bafu. Mwaga maji sakafuni mwa bafu, sugua dakika kumi, kisha tazama upande wa pili kwa siku mbili. Viungo vya tailizi na pembe ya sakafu ndivyo huanza kuachia. Kama kuna shimo la choo au chemba ndani ya mita chache za msingi, na unga wa ukutani hautaki kuisha, chunguza shimo hilo: maji yake yana chumvi kuliko mvua.

Ukuta ni wa pamoja na duka la jirani, naye hataki kutengeneza.

Mwonyeshe tarehe zako za penseli. Mara nyingi jirani hana ubishi, hajaona tu. Asipokubali, ofisi ya mtaa ipo.

Mimi ni mpangaji.

Piga picha siku unayoingia, tuma kwa mwenye nyumba ujumbe ulioandikwa, usikate kodi kwa uamuzi wako. Unaloweza kufanya bila ruhusa ni hewa, kusogeza makabati na kufagia chumvi. Usipake rangi juu ya doa: ukihama, doa linakuwa lako.

Lini niache kusoma haya na kumwita mhandisi?

Ukuta ukiwa umetuna kama tumbo, ufa ukiwa mpana kiasi cha kuingiza sarafu na unaendelea kufunguka, mlango uliofunga vizuri ukianza kugoma, au udongo wa ndani ya ukuta ukimwagika kama unga ukiugusa. Na kama paa ni la shuka za zamani za asbesto, usiwaruhusu vijana wapande kuzivunja ili kuweka gata; uliza manispaa kwanza namna ya kuziondoa.